Jiko la makaa halivuki zipu ya hema

Ndugu muulizaji, nimesoma majibu yote uliyopewa tangu la kwanza hadi la mwisho. Watu wamebishana kuhusu ukubwa wa hema, aina ya chakula cha kubeba, na kama mtoto wa miaka mitatu anaweza kukalishwa nyuma ya baiskeli huko mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, lakini hakuna hata mmoja aliyeigusa ile sentensi yako ya katikati. Umeandika kwamba usiku wa Naivasha una baridi, na kwa hiyo Pasaka hii mtaliingiza jiko la makaa hemani kwa nusu saa hivi kabla ya kulala, makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha. Usiliingize. Usiliingize kwa dakika tano, usiliweke kwenye kile kibaraza cha mbele cha hema, na usijidanganye kwamba zipu ikiachwa wazi kidogo mambo yatakuwa salama.

Hayo maneno ya makaa mekundu nayafahamu vizuri, kwa sababu nami niliuziwa. Aliyeniuzia ni mhudumu wa kambi moja ya mapumziko huko huko kando ya ziwa, kijana mwenye fulana ya kazi iliyopigwa pasi na kipaji cha kumjibu mgeni kile hasa anachotamani kusikia. Tulikuwa tumepiga hema kwenye nyasi karibu na bembea za watoto. Jua lilipotua, upepo wa ziwani ukaanza kupenya, nasi tukaenda mapokezi kuomba blanketi za ziada. Blanketi zilikuwa zimekwisha. Akatuambia kwamba jiko tulilokodi kwa ajili ya kuchomea nyama lingetosha, mradi tungoje moshi uishe, maana kinachodhuru ni moshi, na kwamba wageni wote hufanya hivyo. Ikiwa ni kweli kwamba wote hufanya hivyo, basi kambi ile inaendeshwa kwa rehema za Mungu, na uongozi wake ungefaa kutoa zaka.

Kabla hamjanicheka, mfahamu kwamba nilifundishwa kemia shuleni na nilipasi. Mume wangu naye hudai kwamba mimi ndiye niliyekubali ushauri ule, nami humkumbusha ni mikono ya nani iliyolibeba jiko.

Makaa yanapowaka bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, isiyowasha macho wala koo. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo huitoa kwa wingi, na yale yaliyokwisha kufunikwa na majivu, ambayo ungeapa kwamba yamezimika, huendelea kuitoa kwa saa kadhaa. Heri moshi, kwa kuwa humkohoza mtu akakimbilia nje. Gesi hii hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoizidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida huku mwili wake ukinyimwa oksijeni. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko mtu mzima, na kwa sababu hiyo hutangulia kuathirika. Tena usitegemee kwamba kitambaa cha hema kinapitisha hewa. Pasaka huangukia msimu wa mvua ndefu, na hema lililolowa, likiwa na kifuniko chake cha mvua kilichovutwa hadi chini na matundu yake yamefungwa kuzuia baridi na mbu, halipitishi hewa ya kukutosha.

Kilichotupata sisi kilianza kwa namna ambayo mzazi yeyote angeielewa vibaya. Mtoto alitapika. Nikazilaumu soseji, nikampa maji kidogo kidogo, nikamfunika vizuri zaidi, na nikaivuta zipu hadi mwisho ili asipigwe na upepo. Mume wangu alikuwa analalamika kwamba kichwa kinamgonga, nami nikamwambia kwamba bia alizokunywa zilikuwa na haki yao ya kumdai. Mtoto akalia kwa muda mrefu, kisha akanyamaza, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hatimaye amepata usingizi. Nisingekuwa nimebanwa na haja ndogo, huenda leo nisingekuwa na cha kukuandikia. Nilipojaribu kusimama magoti hayakunibeba, nikaanguka na kuung'oa mlango wa hema kwa uzito wangu, na kwa mara ya kwanza maishani nilishukuru kwamba si mwembamba. Askari wa kambi aliyekuwa analinda upande wa ziwa alisikia kishindo, akadhani kiboko amevuka ua wa umeme, akaja mbio na tochi yake. Yeye ndiye aliyemtoa mtoto nje. Hakuamka alipobebwa, na nafuu ilianza kuonekana tu baada ya kukaa naye kwenye hewa safi.

Hospitalini nusura turudishwe. Muuguzi alimbana mtoto kile kifaa cha kupimia oksijeni kidoleni, kikaonyesha kiwango kizuri kabisa, akaanza kutuuliza kuhusu malaria na chakula tulichokula. Kifaa cha kawaida cha aina ile hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo mtu huweza kuwa amenyweshwa sumu huku namba zikimsifu. Daktari mmoja aliyekuwa zamu aliuliza swali moja tu, kama tulikuwa na jiko, na papo hapo tukawekewa oksijeni kwa barakoa sote watatu. Mtu akipumua hewa ya kawaida, gesi iliyomo mwilini huchukua saa nne hadi tano kupungua kwa nusu, lakini kwa oksijeni safi muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Yakikupata, Mungu apishe mbali, taja jiko kabla ya kutaja jina lako.

Mtoto alipona na anakimbia kama wenzake. Gharama za hospitali tulizilipa kwa kukopa, na tuliporudi kambini kuchukua vitu vyetu, meneja alitutembeza hadi kwenye ubao ulioandikwa kwamba mgeni anawajibika kwa usalama wake mwenyewe. Katika ubao ule mrefu, uliokataza mbwa, muziki wa sauti ya juu na kuogelea bila kofia, neno jiko halikuwamo. Kijana wetu wa mapokezi alikuwa pale pale, na fulana nyingine iliyopigwa pasi, anamweleza mgeni mwingine jambo. Nilimwendea yule mgeni nikamsimulia kila kitu mbele ya meneja, na sikupunguza sauti.

Utaniuliza, basi tuilale vipi hiyo baridi? Swali lako ni la haki, kwa kuwa Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini ya hapo. Lakini baridi ya hemani hutoka ardhini kuliko inavyotoka juu, na watu wengi hurundika blanketi upande usio wake. Godoro la kujaza upepo, ambalo naona mmeshalinunua, ni zuri kwa mgongo na baya kwa joto, kwa sababu hewa iliyomo ndani yake hupoa na kuzunguka usiku kucha chini ya mwili wa mtoto. Tandika sponji nzito au mikeka ya sponji, na kama lazima mtumie hilo godoro, weka sponji na blanketi juu yake, kati yake na mtoto. Mvalishe nguo kavu ambazo hakucheza nazo mchana, soksi na kofia ya sufu, na mlale naye katikati yenu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa kwenye taulo, ikiwekwa kitandani kabla yeye hajalala na kuondolewa anapopanda, inafanya kazi yote uliyotaka jiko liifanye. Matundu ya juu ya hema yaacheni wazi hata kama mnaona uchungu. Pumzi zenu hutoa unyevu, na unyevu ukiganda kwenye kitambaa huwadondokea alfajiri mkiwa mmejifunika blanketi zilizolowa.

Kauli hii inahusu pia jiko la gesi, taa ya chemli na jenereta ya jirani iliyoelekezwa upande wenu. Chochote kinachowaka hakivuki zipu. Ikiwa baridi itawashinda, kodini banda, na likikosekana, ingieni garini na blanketi zenu bila kuwasha injini, au rudini nyumbani. Nairobi ni kilomita 90 hivi na hakuna atakayewacheka, isipokuwa mashemeji.

Mengine uliyouliza yamekwisha kujibiwa na wenzangu. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi, kwa hiyo mtoto asivuke ua giza likiingia. Mkimaliza kuchoma nyama, mwagieni makaa maji polepole hadi yaache kuchemka, kisha liacheni jiko huko huko kwenye meko, mbali na hema, hata kama mvua inanyesha. Udongo wa jiko ukipasuka na mapokezi wakadai faini, niandikieni ujumbe wa faragha, nami nitailipa.