Ukialika watu kwenye vita vya manowari za angani, usiwaalike kuja kupigwa

Jumamosi iliyopita, sebuleni kwangu hapa Shangani, Mtwara, katika mchezo wa mezani wa vita vya angani, shemeji yangu aliilipua manowari yangu kubwa kuliko zote. Ilikuwa imebakiza visanduku vinne vya uhai. Akatupa dadu mbili, sita na sita, ikaisha. Watu walipiga kelele mpaka jirani akaja dirishani kuuliza kuna nini. Nilifurahi kuliko yeye, na furaha hiyo nimeitafuta mwaka mzima.

Mwaka jana, msimu wa korosho, niliwaalika watu wanne. Mchezo ni Full Thrust, wa Ground Zero Games ya Uingereza, ambao kanuni zake unazipakua bure. Nilikuwa nimejiandaa kwa miezi. Fundi wa vinyago alinichongea meli kutoka mabaki ya mpingo, nikazisimamisha kwa vijiti vya mishikaki juu ya vifuniko vya soda. Anga yangu ilikuwa kaniki mbili zilizoshonwa pamoja. Kila mgeni nilimpa meli nane, nikasoma kanuni saa nzima, kisha nikawapiga mmoja mmoja. Kabla ya saa nne usiku wawili walishaaga. Shemeji aliniambia mlangoni: "Wewe hukuhitaji wachezaji, ulihitaji watu wa kupiga." Mke wangu alisikia. Neno lile bado linaniuma, kwa sababu lilikuwa la kweli.

Basi, wewe unayetaka kuanzisha jioni kama hii, anza na meli mbili kwa kila mtu. Mbili tu. Mgeni mpe zile zenye nguvu.

Na kanuni usizisome, zichezeshe. Mizinga inaeleweka kwa zamu moja: ule wa daraja la 2 hutupa dadu mbili ndani ya inchi 12, na moja kati ya inchi 12 na 24. Kwa meli isiyo na ngao, 4 au 5 ni pigo moja, yaani kisanduku kimoja cha uhai, 6 ni mawili. Kazi iko kwenye mwendo. Kila mmoja huandika amri zake kwa siri, kisha meli zote husogezwa pamoja. Iliyokwenda inchi 8 zamu iliyopita itakwenda 8 tena, usipotumia nguvu ya injini kuibadilisha. Hapo ndipo meli za wageni wangu wa mwaka jana zilipotoka nje ya meza, nami nikawakosoa mbele ya wenzao.

Safari hii nilinyamaza, nikamwachia shemeji awaeleze wengine. Yeye anaendesha mashua Mikindani. Alisema chombo chenye mwendo hakisimami kwa sababu umekiambia kisimame; unaanza kukipunguza mapema, kabla hujaifikia gati. Sentensi moja, wote wakaelewa. Mimi niliyezisoma kanuni mara kumi sikuwahi kuliona hivyo. Ndugu zangu, tuna watu wanaojua mambo haya kwa mikono yao, na sisi tunawasomea karatasi! Tuwaulize. Tuwape nafasi ya kusema.

Jambo jingine dogo: usitumie maganda mabichi ya korosho kuwa vimondo. Mafuta yake yanababua ngozi, na kaniki inaharibika. Vipande vya matumbawe vya ufukweni vinatosha.

Weka pia saa ya kumaliza, na uifuate hata kama unashinda. Sisi tulianza baada ya isha, tukamaliza saa tano kasoro, huku samaki wa kukaanga na mihogo vikiwa vimeshaliwa. Na nasema tena, mpe mgeni meli zenye nguvu, hata moyo ukikukatalia. Wangu ulikataa mpaka dakika ya mwisho.

Shemeji ameondoka na meli moja mfukoni. Anaipeleka kwa fundi yule yule amchongee nyingine mbili kabla ya Jumamosi ijayo, ila zake anataka ziwe na tanga.