Futi kamba kwanza, bei baadaye

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukipata urithi ambao hukuutarajia, utaanza na nini?" Mimi yamenikuta, na jibu langu ni hili: anza kwa kuuhesabu. Kabla ya hapo usizungumze bei na mtu yeyote.

Baba mdogo alifariki mwaka 2019, hakuacha mtoto. Mimi nauza maharage sokoni Mafinga, mkoani Iringa. Wosia uliposomwa kwenye kikao cha ukoo nikasikia jina langu: ekari nne za misindano, yaani miti ya paini ya mbao, kijiji kimoja huku huku wilayani Mufindi.

Hata arobaini haijafika, dalali akaja na mnunuzi. Huyo mnunuzi hakuingia shambani. Alisimama barabarani, akatazama, akasema milioni nne taslimu kwa miti yote. Binti yangu alikuwa anadaiwa ada ya chuo, na mimi milioni nne sijawahi kuzishika kwa pamoja. Nilishaomba kalamu. Shangazi ndiye aliyenishika mkono: "Mwanangu, mirathi haijafunguliwa, unauza kama nani?"

Alisema kweli. Kuwa na jina kwenye wosia hakukupi ruhusa ya kuuza. Kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Tulipeleka mahakama ya mwanzo cheti cha kifo, wosia na muhtasari wa kikao cha ukoo, akateuliwa kaka yangu. Msimamizi ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Wengi huona ni usumbufu. Mimi orodha hiyo ndiyo iliyoniokoa, maana ilitulazimu tuingie shambani tukahesabu.

Niliingia na mwanangu mdogo, futi kamba ya fundi cherehani mkononi. Unaizungusha kwenye shina usawa wa kifua, unataja namba, mtoto anaandika kwenye daftari, kisha mti unapakwa chokaa usije ukarudiwa. Utomvu ulinigandia vidoleni, sabuni haikufua dafu, nikautoa kwa mafuta ya taa. Tulipata miti 1,412. Gawanya milioni nne kwa hiyo: haifiki shilingi 3,000 kwa mti. Ubao mmoja wa inchi mbili kwa nne hapa mjini ulikuwa unazidi hapo.

Na miti yenyewe ilikuwa na miaka 8 tu! Msindano unataka miaka 15, hata 20 na zaidi, ndipo utoe mbao za maana. Ukiukata mchanga, dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, inakutolea vibao vyembamba, na kisiki chake hakichipui kama cha mlingoti. Unapanda upya. Nimeona majirani waliouza hivyo: pikipiki waliyonunua imeshakufa, na shambani kumebaki visiki.

Sisemi usiguse kabisa, ada haingoji. Mirathi ilipofungwa nilipunguzia miti iliyobanana na iliyopinda, nikaiuza mirunda, nguzo za ujenzi. Ada ikalipwa, na kwa pesa iliyobaki nikafuatilia hati ya kimila ya ardhi kwa jina langu kijijini. Akina mama wenzangu, hili msilichelewe. Wosia ukikaa kabatini, jirani anasogeza mpaka kila msimu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, lakini lazima uende mwenyewe ofisi ya kijiji ukadai.

Gharama ambayo siikwepi ni ya barabara ya moto. Kila mwaka mvua zikikatika tu nalipa vijana wanafyeka kuzunguka shamba lote, maana kiangazi cha huku moto mmoja wa kuandaa shamba la mahindi unatosha kukurudisha sifuri.

Sasa miti ina miaka 14, na tumeipima tena. Yule dalali amekuja mara mbili. Safari hii ya pili nilimkalisha, nikampa daftari alisome, ndipo nikamwambia ataje bei.