Fundi Anajibu: Deki ya mbao bila kumwaga zege, itasimama kweli?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko Brooklyn Park huku Minnesota, tumenunua nyumba na mama watoto anataka deki ya mbao (jukwaa la kukaa nje) huko nyuma, ya kuchomea nyama wakati wa joto na kukaa na wageni. Ni futi 12 kwa 12, haitashikana na nyumba, kimo kama inchi 16 hivi. Jirani alichimba mashimo akamwaga zege na mgongo unamsumbua mpaka leo, sasa mimi nimeona dukani kuna skrubu kubwa za chuma unazungusha tu ardhini halafu unaendelea na kazi siku hiyohiyo. Mzee mmoja kanisani ananiambia hizo ni za kufungia mbwa, winta ya kwanza zitaruka nje. Nani anasema ukweli? Na nitahitaji ngapi? Halafu baadaye tunafikiria kuweka jakuzi hapo juu. – Baba Wanja

JIBU: Baba Wanja, huyo mzee usimcheke, ana nusu ya ukweli. Nusu nyingine hana.

Nianze na ile asiyonayo. Kushikilia mzigo kwa skrubu ya ardhini si mchezo wa juzi. Injinia mmoja wa Ireland, Alexander Mitchell, ambaye alikuwa kipofu, alipata hataza ya nguzo za skrubu mwaka 1833, na kuanzia 1838 zikazungushwa Maplin Sands kwenye mdomo wa mto Thames kushikilia mnara wa taa, tena kwenye mchanga wa baharini ambao ukisimama tu unazama. Kwa hiyo deki ya nyama choma haizishindi.

Nusu aliyonayo ni hii: dukani kuna vitu viwili tofauti na vyote wanaviita karibu jina moja. Kuna skrubu fupi, hizo unaingiza mwenyewe kwa drili ya impakti au kwa mtaimbo, na kuna ndefu zenye pezi pana chini (bati la duara lililosokotwa kama uzi wa skrubu) ambazo zinaingizwa na mashine ya haidroliki na mara nyingi unalipa kampuni ije ifanye. Kwenu upande wa kusini wa Minnesota kina cha baridi kinachohesabiwa na serikali, yaani udongo unaganda mpaka wapi, ni inchi 42 (kaskazini ni 60), na skrubu fupi haifiki huko hata kwa maombi. Maji yaliyo kwenye udongo yakiganda yanatengeneza tabaka za barafu, udongo unanyanyuka, na chochote kilichoshikwa na ule udongo kinanyanyuka nao. Ile ndefu pezi lake liko chini ya baridi, kwa hiyo udongo wa juu ukivuta, pezi linakataa. Fupi haina pa kukatalia. Itapanda winta, itashuka ikifika masika, na si lazima irudi palepale ilipokuwa.

Sasa je, hiyo ni shida? Kwa deki iliyoshikana na nyumba ni shida kubwa sana, kwa sababu nyumba haipandi na deki inapanda, kitu lazima kivunjike. Kwa deki inayojitegemea kama yako ni usumbufu tu, na ndiyo maana kanuni za ujenzi za Marekani kwa miaka mingi zimelegeza masharti ya kina cha msingi kwa deki zisizoshikana na nyumba. Hata kibali, IRC (kanuni ya mfano ya ujenzi wa nyumba za kuishi Marekani) inakusamehe kama deki haizidi futi mraba 200, haizidi inchi 30 juu ya ardhi mahali popote, haijashikana na nyumba na haiko kwenye ule mlango mkuu wa kutokea unaotakiwa na kanuni. Minnesota ina maneno yake lakini inchi 30 na kutoshikana na nyumba zimo pia. Ila piga simu siti, yaani ofisi ya mji wenu, uulize, maana siti inaweza kuwa na yake kuhusu umbali kutoka mpaka wa jirani, na hiyo simu ni ya bure.

Kitu kimoja watu wanasahau: mlango wa nje, ule wa kioo na wavu unaofunguka kuelekea nje. Ukiweka mbao za deki sawasawa na kizingiti, Februari deki ikipanda hata inchi moja ule mlango haufunguki, na wewe uko ndani na theluji iko nje. Shusha deki chini ya kizingiti kama kimo cha ngazi moja na uache nafasi kati ya mbao na ukuta, usipige hata msumari mmoja kwenye nyumba.

Haya, ngapi? Hapa ndipo wengi wanakosea, wanahesabu pembe nne na katikati basi. Deki inapigiwa hesabu ya pauni 40 kwa kila futi mraba, hao ni watu na viti, ongeza pauni 10 za mbao zenyewe, jumla 50. Futi 12 kwa 12 ni futi mraba 144, kwa hiyo yote ni pauni 7,200. Ukiweka skrubu 9, safu tatu kwa tatu, usidhani kila moja inabeba 800, la hasha, za pembe nne zinabeba 450, za ukingoni 900, na ile moja ya katikati peke yake inabeba 1,800 kwa sababu imezungukwa na deki pande zote. Udongo wa mfinyanzi kanuni inauhesabia pauni 1,500 kwa futi mraba, sasa kipezi cha inchi chache kitabeba 1,800 na nini? Weka 16, nne kwa nne, kila baada ya futi 4, na ile ya ndani inashuka mpaka pauni 800, za ukingoni 400, za pembe 200. Ndiyo namba unayokwenda nayo dukani, unasoma kibandiko cha skrubu inabeba ngapi kwenye udongo kama wako, na kama kibandiko hakisemi aina ya udongo irudishe kwenye rafu.

Kabla ya chuma chochote kuingia ardhini piga 811, namba ya Marekani ya kuuliza mabomba na nyaya zilizofukiwa. Ni bure, wanakuja kuweka alama za rangi kwenye nyasi, njano ni gesi, nyekundu umeme, bluu maji, chungwa ni simu na intaneti, kijani maji taka. Lakini hawaweki alama kwenye vitu vyako binafsi, mfano bomba la kunyunyizia nyasi au gesi ambayo mwenye nyumba wa kwanza aliipeleka kwenye jiko la nje, hizo utafute mwenyewe.

Toa nyasi zote, weka vigingi na uzi, piga skwea kwa tatu-nne-tano, yaani pembetatu ya pande hizo inakupa kona iliyonyooka (kwa ukubwa wako tumia 9, 12 na 15, inakuwa sahihi zaidi), halafu pima kona kwa kona, zote mbili zinatakiwa zilingane, futi 17 kasoro kidogo. Skrubu anza kwa mkono. Zile inchi sita za kwanza ndizo zinaamua kila kitu, weka pima maji upande mmoja, zungusha kidogo, weka upande mwingine, kwa sababu ikishaingia nusu imepinda huinyooshi tena, ukiilazimisha unapanua tundu na udongo unaoishikilia ndio huo umeuharibu. Ikishaingia sawa tumia drili, taratibu, na sikiliza mkono wako: inatakiwa ikaze kadiri inavyoshuka. Ikigonga jiwe usipigane nalo, itoe, jaribu kulivunja kwa mtaimbo, ikishindikana sogeza inchi chache kufuata mstari wa boriti, si kuacha mstari. Na ukipitiliza chini usiirudishe juu kwa kuizungusha kinyume, udongo ukishalegezwa haushiki tena vilevile, kimo rekebisha na kile kichwa chenye nyuzi juu.

Ikizunguka kirahisi mpaka mwisho bila kukaza, simama. Na nakwambia mapema itakuwa ile safu ya karibu na nyumba. Nyumba nyingi za huko zina besmenti, walichimba shimo kubwa kuliko nyumba, wakajenga ukuta, wakarudisha udongo pembeni bila kuushindilia vizuri, kwa hiyo hizo futi za mwanzo kutoka ukutani ni udongo wa kujaza tu. Skrubu fupi hapo zitazama taratibu na deki itainamia nyumba, na mvua itafuata huko huko besmenti. Kwa safu hiyo mimi ningelipa kampuni iweke ndefu, hata kama nyingine zote ni fupi, au ningeivuta deki yote ikae mbali na ukuta na kuacha njia ya kokoto katikati.

Deki isiyoshika nyumba pia inataka vizuizi vya kuyumba, piga mbao za mshazari chini ya boriti pande zote mbili, la sivyo watoto wakianza kucheza utadhani uko kwenye feri ya Likoni.

Jakuzi: hapana. Galoni 400 za maji ni zaidi ya pauni 3,300 na hujaweka hata mtu mmoja ndani wala hilo beseni lenyewe. Iweke chini kwenye sakafu yake pembeni na deki iizunguke, mama watoto hatakasirika akiona inavyopendeza.

SWALI: Fundi, hizo skrubu zinaweza kufanya kazi Kitengela? Nataka kibanda cha mbao chenye sakafu ya deki lakini shamba lote ni black cotton. – Mama Kevo

JIBU: Mama Kevo, wewe huna barafu lakini una mambo yaleyale, black cotton, ule mfinyanzi mweusi, ikinywa maji inavimba na kiangazi inapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono. Chimba shimo moja la kujaribia mpaka uone murram au mwamba. Kama black cotton haizidi mita moja, itoeni yote, mjaze murram mshindilie, hapo huhitaji skrubu ya aina yoyote. Kama ni refu, skrubu lazima ipite tabaka lote linalovimba na pezi likae chini yake. Jua kali wanaweza kukuchomelea bomba na pezi kwa bei nzuri, shida si kuchomelea, shida ni kutu, kwa hiyo peleka zikachovywe zinki baada ya kuchomelewa na sio kabla. Kichwa kiwe cha nati, maana baada ya kila mvua ndefu utakuja na spana kusawazisha. Maji ya paa yapeleke mbali kabisa. Na acha nafasi chini ya deki ya kuweza kuchungulia na tochi, kwa sababu mchwa anapanda hata kwenye chuma, anajenga tu kinjia chake cha udongo juu ya bomba mpaka kwenye mbao, na usipokiona mapema umelisha mchwa.

SWALI: Na Paje, Zanzibar, karibu na pwani? – Msomaji

JIBU: Chini yako kuna jiwe la matumbawe, skrubu itaingia mchangani kidogo halafu igome. Hapo unatoboa jiwe kwa drili, unaingiza nondo ya chuma cha pua daraja la 316, unaishika kwa gundi ya epoksi, na boriti inakaa juu yake. Chuma cha zinki cha kawaida kwa ile chumvi usinunue.