Je, Mkatoliki analazimika kuvishika vitabu vya kale vilivyomshambulia Luther?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni Mkatoliki, mume wangu ni Mlutheri. Katika kikundi cha WhatsApp cha jumuiya yetu ilitumwa picha ya kitabu cha kale cha Kikatoliki, Luther amechorwa na vichwa saba. Mume wangu aliiona, ikamuumiza sana. Je, hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa?

JIBU: Milele na milele, amina. Hapana, mama. Kitabu hicho aliandika padre Johannes Cochlaeus, kikachapwa Leipzig mwaka 1529. Ni kazi yake binafsi. Kanisa lilijibu hoja za Waprotestanti kwa mamlaka yake katika Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, 1545 hadi 1563, na huko hutakuta vichwa saba.

Itazame picha yenyewe. Mwili ni mmoja. Kichwa kimoja kina kofia ya udaktari, kingine kilemba cha Kituruki, kingine kimezingirwa na wadudu wanaoruka, na cha mwisho kinaitwa Baraba, na rungu lake la miiba kando. Ndani ya kitabu, Cochlaeus alichota sentensi katika maandishi ya Luther ya nyakati mbalimbali akazigombanisha, ili Luther aonekane anajipinga mwenyewe kama mtu mwenye vichwa vingi. Kwa njia hiyo hata Mtakatifu Augustino, aliyeandika kitabu kizima kuyapitia na kuyasahihisha maandishi yake, angechorwa na vichwa vingi. Mwaka 1549 Cochlaeus alitoa pia historia ya Luther iliyojaa chuki. Mwaka 1943 padre Adolf Herte, Mkatoliki mwenzetu, alionyesha jinsi waandishi wetu walivyoinakili karne hadi karne. Hilo linanisikitisha kuliko mchoro.

Lakini usiwatie wote kapu moja. Mtakatifu Yohane Fisher, askofu wa Rochester kule Uingereza, alichapisha jibu lake mwaka 1523. Aliyaweka kwanza maneno ya Luther, kifungu kwa kifungu, kisha akajibu kwa Maandiko na kwa mababa wa Kanisa. Naye ana maneno makali, ila msomaji anaona kilichosemwa na kilichojibiwa. Mfalme Henry VIII wa Uingereza alikuwa ameandika kitabu cha kumpinga Luther na kutetea sakramenti saba, na mwaka 1521 Papa Leo X akampa cheo cha Mtetezi wa Imani. Mfalme huyohuyo akajitenga na Roma, na mwaka 1535 Fisher akakatwa kichwa kwa kukataa kumfuata.

Matusi yalitoka pande zote. Luther mwenyewe mwaka 1545 alichapisha kitabu kinachosema upapa umeanzishwa na shetani, na nina hakika mumeo naye hafurahii kurasa zile. Mtume Paulo ameshatuagiza: mtumwa wa Bwana asiwe mgomvi, awaonye kwa upole wanaoshindana naye (2 Tim 2:24-25). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1964, ulitutaka tuache maneno na hukumu zisizowatendea haki ndugu waliotengana nasi. Kumsingizia Mlutheri ni kuvunja amri ya nane, hata ukidhani unaitetea imani.

Kuvisoma vitabu hivyo vya kale si dhambi. Ila mwombe mwenyekiti wa jumuiya aiondoe picha hiyo, na mweleze sababu. Ninyi wawili someni Tamko la Pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, yaani jinsi Mungu anavyomfanya mdhambi kuwa mwenye haki mbele yake, ambalo Wakatoliki na Walutheri walitia sahihi Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999. Mkikwama mahali, njooni parokiani wote wawili.