Huyu Anayeimba ni Bwana ama ni Soja?

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: ni wimbo gani wa roki watu wanaupenda na hawajauelewa, na mwenye haki ya kusema maana yake ni nani, aliyeutunga ama anayeusikiliza? Hilo naweza lijibu hata nikiwa usingizini, ju wimbo wenyewe nimeupiga kwa harusi za watu karibu kila msimu tangu nianze kazi ya sauti, na kila nikiupiga najua hapa kuna makosa na bado napiga, kodi ya nyumba haingoji.

Unaitwa "Every Breath You Take", wa The Police, ile bendi ya Uingereza ya watu watatu. Ulitoka 1983 ukakaa namba moja Marekani wiki 8. Hata kama jina hulijui, gitaa lake unalijua, linazunguka pole pole pale pale kama mtu anayepima shamba kwa miguu. Mimi ni mtu wa spika, niko na spika nne, miksa niliyonunua Luthuli Avenue, jenereta ya kuazima na kijana mmoja wa kubeba waya, na tunaenda popote penye tenti na kamati imetuma diposti, Karen, Ruiru, Rongai, hata mashambani kabisa.

Sasa kuna harusi moja huko Kiambu Road bibi harusi alikuwa ametaka huo ndio wawe wakiingia nao kwa tenti. Sawa. Watoto wa maua wametangulia, mabesti wanacheza zile hatua zao mbili mbele moja nyuma, emsii anapiga kelele, na mimi niko nyuma ya miksa nachunga sauti isilie wiii. Nikaona mama mmoja amenijia na soda yake na mrija. Ni shangazi wa bibi harusi, amestaafu ualimu wa Kiswahili, na hapo watu wote walikuwa wanamwita Mwalimu, hata bwana harusi.

"Kijana wangu, huyu anaimba nini? Naskia tu pumzi, pumzi."

Nikamwambia Mwalimu ngoja nikutafsirie. Nikaanza vizuri kabisa, kwamba jamaa anamwambia mpenzi wake kila pumzi anayovuta na kila hatua anayopiga, yeye atakuwa... hapo nikakwama. Atakuwa anafanya nini? Kizungu kinasema "watching" na kinaenda zake, hakikusumbui. Kiswahili hakikubali hivyo, lazima uchague. Nikasema "anamwangalia". Mwalimu akauliza, anamwangalia kwa macho ya nini? Ni kumtazama, kama vile unatazama mtu mrembo? Ni kumlinda? Ni kumchunga, na kama ni kumchunga, ni kama mama anavyochunga mtoto ama kama vile mbuzi huchungwa? Ama anamchungulia? Ama ni kumvizia kabisa?

Nikacheka kwanza. Halafu nikajaribu hayo maneno moja moja na mistari inayofuata. Kuna mahali jamaa anataja tabasamu za kuigiza, na mahali pengine viapo vinavyovunjwa, kwamba hata hivyo atakuwa anaviona. Weka "kulinda" hapo uone kama itakaa. Nani analinda tabasamu ya uongo? Kutazama pia inakataa, mtu hatazami kiapo kikivunjwa kama anayetazama machweo. Linalokaa bila kusukumwa ni kuchungulia, na ukienda mbele kidogo ni kuvizia. Na hawa watu, jamani, wametoka kula kiapo kanisani saa nne asubuhi!

Tukafika pale jamaa anapomwambia huyo mtu kwamba ni wake. Mimi nikaona hapa nimepona, ju "wewe ni wangu" si ndiyo kila wimbo wa mapenzi wa Kiswahili unasema, hakuna ubaya. Mwalimu akavuta soda. Akaniuliza, "Ni wangu, kama mtu, ama ni langu, kama shamba?"

Sikuwa na jibu. Akaangalia maharusi wakipita hapo mbele wakimwagiwa maua, akasema, "Huyu anayeimba ni bwana ama ni soja?" Akarudi kwa meza yake.

Tangu siku hiyo niko na mtindo wangu: nikitaka kujua wimbo wa Kizungu unasema nini, nautafsiri kwa Kiswahili cha kuongea na mtu mzima aliye mbele yangu, si cha kuandika. Mahali nikikwama ndipo maana imejificha.

Lakini ushahidi mkubwa hata hauko kwa hilo neno. Uko katikati ya wimbo, na hapo ndipo naona watu wa harusi wanajidanganya kweli kweli. Kabla dakika ya pili ifike wimbo unabadilika, na jamaa anakiri kwamba huyo mtu ameenda. Ameshaenda! Yeye amebaki amepotea, usiku anaota sura yake, anaskia baridi, analia. Yaani mnaingia kwa tenti mkiwa mmeshikana mikono na wimbo wa mtu aliyeachwa juzi na bado anahesabu hatua za aliyemuacha. Na mnajua kwa nini hakuna mtu hushtuka? Hiyo sehemu ikifika, maharusi wako karibu na meza kuu na ndipo emsii huniambia kwa mkono nishushe sauti ndio atambulishe wazazi. Kila mara, nimehesabu. Sehemu inayosema ukweli ndiyo tunaifunika na maiki.

Halafu kuna ujanja wa muziki wenyewe, hii nawaambia kama mtu amepiga kinanda kanisani. Kodi zake, yaani "chords", zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, ukizihesabu kwa ngazi ya muziki zinaanza moja, sita, nne, tano. Ni zile zile nyimbo tamu za mapenzi za Wamarekani zimetembea nazo tangu miaka ya 1950, mcheza kinanda yeyote wa Nairobi anazipiga akiangalia pembeni. Kwa hivyo kabla neno la kwanza liingie sikio lako limeshakata kesi, huu ni wa mapenzi. Na zinazunguka, zinazunguka, haziendi mbali, kama yeye tu. Ni katikati pekee, pale anapokiri ameachwa, muziki unaruka kutoka kodi ya A hadi ya F, na hiyo F hukuitarajia, ni kama mtu amefungua mlango ukaona chumba hakijafagiliwa. Halafu mlango unafungwa anarudi kwa kuzunguka kwake. Mimi naona hapo ndipo wimbo ni wa akili nyingi. Jamaa mwenyewe anaamini anapenda. Kama angesikika mbaya tusingemwamini.

Aliyeutunga ni Sting, mwimbaji wa The Police, na zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya muziki (nilipomtumia Mwalimu habari hiyo akajibu "pole yake"). Aliuandika 1982 Jamaica, kwa nyumba ya Goldeneye, iliyokuwa ya Ian Fleming yule aliyeandika vitabu vya James Bond. Ona hiyo, mtu ameketi kwa nyumba ya baba wa majasusi akatoka na wimbo wa kupeleleza. Na Sting mwenyewe amesema mara nyingi kwamba wakati anauandika alidhani ni wimbo wa kuliwaza, wa mapenzi, ni baadaye ndio aliona ubaya uliokuwa ndani, mambo ya wivu na kutaka kumtawala mtu. Wakati huo ndoa yake ya kwanza ilikuwa inavunjika. Kwa hivyo mkiniuliza kama maana ni ya mtunzi, nitawauliza, mtunzi yupi? Wa usiku ule akiandika, ama wa miaka iliyofuata akijiskiliza? Hata yeye aliingia kwenye wimbo wake kama mgeni.

Sasa niwaambie kwa nini mimi siwezi tena kuuskia vile nilikuwa nauskia. Niko na kasini yangu, alikuwa anafanya kazi saluni huku tao. Aliachana na jamaa fulani, vizuri tu, bila vita. Wiki mbili baadaye meseji zikaanza. "Leo sweta ya kijani imekutoa poa." "Umeacha matatu ya kwanza, ilikuwa imejaa?" "Leo umetoka saa moja na kumi." Jamaa alikuwa anasimama ng'ambo ya steji, karibu na mama wa mahindi, kila jioni. Hakutusi, hakutisha, hakuomba hata kitu. Kasini alipoenda kupiga ripoti akaulizwa kwani amekutishia? Si huyo anakupenda tu. Alirudi nyumbani akanipa simu nisome, na mimi nikisoma zile meseji, moja baada ya nyingine, zote fupi fupi na za adabu, nikaskia lile gitaa. Sikulitafuta, lilikuja lenyewe. Kasini alihama saluni na akahama mtaa, sasa ako sawa, lakini bado huwa anapanda matatu akiwa ameangalia nyuma.

Kuna wale mtasema lakini huo wimbo tunaupiga hata kwa mazishi na watu wanafarijika. Kweli, ila huo ni mwingine, "I'll Be Missing You". 1997 wasanii wa Marekani Puff Daddy na Faith Evans walichukua lile gitaa wakamwimbia rapa Notorious B.I.G., aliyepigwa risasi Los Angeles Machi mwaka huo, na Faith alikuwa mjane wake. Ukakaa namba moja Marekani wiki 11, hata ukapita wa kwanza. Pale maneno yalibadilishwa, anayeangalia yuko duniani na aliyeenda amekufa, basi kumkumbuka kila hatua hakumdhuru. Watu wa rika langu wengi ndio waliujua kwanza, na nadhani huo ndio umeosha wa zamani ukaonekana mtakatifu.

Kwa hivyo nani ana haki? Upande wa mama sisi ni watu wa Mombasa, na kwa taarabu hilo swali halisumbui. Mtunzi anafumba makusudi, halafu mama mmoja ananyanyuka na noti yake kwenda kutunza kwa mstari fulani, na vile anatembea akimwangalia nani ukumbi wote unajua leo wimbo ni wa nani. Msikilizaji ndiye anamalizia. Mimi naikubali hiyo, na nadhani hata roki inaenda hivyo. Lakini hata kwa taarabu huwezi ukatunza mstari ambao haukuimbwa, na hawa wa harusi wanatunza mstari ambao hawajauskia.

Mwezi uliopita wakaja wapenzi wengine nyumbani kwangu kuchagua nyimbo, na bibi harusi mtarajiwa akautaja huo huo. Sikusema kitu. Nikampa hedifoni zangu kubwa nikamwambia skiza wote mpaka mwisho, mimi nikaenda kuchemsha chai. Akaanza akitikisa kichwa, bwana harusi anamchukua picha. Ikafika katikati. Akatoa sikio moja.

"Kwani aliachwa?"

Bwana harusi akasema si neno, mdundo ni mtamu. Wakabishana hapo mpaka chai ikapoa. Wameniambia hiyo Jumamosi niweke gitaa peke yake, maneno nisiweke.