Nguruwe pori: choma mpaka ndani
Je, nyama ya nguruwe pori aliyewindwa leo inaweza kuliwa ikiwa bado nyekundu ndani? Hapana, isiliwe, hata kama mnyama ameangushwa asubuhi hiyohiyo. Kuwa nyama ya leo hakuondoi minyoo ya trikinela, inayojificha ndani ya misuli na haionekani kwa macho. Minyoo hiyo hufa pale katikati ya pande la nyama panapofika nyuzi joto 71 za Selsiasi. Moshi na chumvi si kinga ya kutegemea.

Kinachowaponza wengi porini ni kuchoma kwenye ndimi za moto: nje inaungua, ndani mbichi. Subiri kuni ziwe makaa yenye majivu meupe juu, kata vipande visivyozidi unene wa kidole gumba, geuza mara kwa mara, kisha pasua kile kinene kuliko vyote. Kikitoa maji mekundu, rudisha. Rangi nayo hudanganya, kwa hiyo themomita ya nyama ni bora zaidi. Ichomeke katikati, mbali na mfupa. Kama huna, tokosa kwenye sufuria yenye mfuniko mpaka nyama iachane na mfupa.

Na tafadhali, kisu kilichopasulia matumbo kisiguse nyama iliyoiva kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto.