Ratiba ya watoto katika nyumba isiyo na saa

Mwaka juzi niliketi na karatasi ya manila na kalamu za rangi, nikawachorea watoto ratiba. Saa kumi na mbili jioni kuoga, na nusu chakula, saa mbili kulala. Nikaibandika kwenye friji, nikapiga na picha. Ilidumu siku nne. Siku ya tano, saa mbili kasorobo usiku, nilikuwa nimebanwa na umati kivukoni upande wa kisiwani, jasho linanitiririka, nampigia dada wa nyumbani simu na kumfokea kwa nini mtoto hajaoga.

Sisi twakaa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mimi nafanya kazi mjini, kwenye ofisi ya karatasi za mizigo, na mume wangu ni mtu wa shifti bandarini: wiki hii mchana, wiki ijayo usiku. Mkubwa ana miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea. Mdogo bado hajatimiza mitatu. Ukinipangia saa, ni kama umeipangia foleni ya feri.

Aliyenizindua ni wifi yangu wa Mtongwe, aliyelea watano. Alikuja Jumapili moja, akaitazama ile manila, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Wifi, wamwekea saa mtoto asiyejua kuisoma? Mfundishe kinachofuata. Akitoka hapa aenda wapi, akimaliza hiki ashika kipi. Basi."

Nikaing'oa. Tukaanza na jioni peke yake, maana jioni ndiyo iliyokuwa vita. Badala ya saa tukashika adhana ya magharibi. Hapa kwetu tuko karibu na ikweta, jua halina mchezo wa kuzama mapema miezi hii na kuchelewa miezi ile. Mwaka mzima tofauti yake haifiki hata saa nzima. Adhana ikilia, mpira wa uani umekwisha, hakuna kubembelezana. Viatu mlangoni, kuoga, chakula, meno, mkeka, hadithi. Jirani yangu ambaye ni Mkristo hufuata mpango uo huo, ila yeye huanza pale taa ya kibarazani inapowashwa. Shika chochote kinachotokea kila siku bila wewe kukiamrisha.

Kuoga kukaja kabla ya chakula kwa sababu ya joto. Machi hapa, mtoto aliyetoka uani akiketishwa kula na jasho lake hugombana hata na kijiko. Ndoo moja ya maji, kikombe cha plastiki, na mdogo anaachiwa ajimwagie mwenyewe vikombe vitatu vya mwisho. Tukihesabu pamoja, moja, mbili, tatu, anatoka bila kilio. Ukimtoa kwenye cha pili, utajuta.

Simu ndiyo iliyonishinda muda mrefu. Nilikuwa nawapa katuni wakati wa kula ili wameze haraka. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na wa miaka 3 na 4 wapate usingizi wa saa 10 hadi 13, pamoja na ule wa mchana. Nikakaa nikapiga hesabu ya mkubwa wangu alipokuwa na miaka minne. Alikuwa akilala saa nne usiku na kuamshwa saa kumi na moja na nusu. Saa saba na nusu! Nami nilikuwa nikisema mtoto huyu ana hasira za upande wa baba yake.

Sasa simu hulala chumbani kwetu, na mkekani kuna "Paukwa!" na "Pakawa!" Hadithi si lazima iwe mpya. Ya sungura na fisi tumeisimulia kama mara mia, na nikiruka kipande, mdogo hunirudisha.

Kuhusu dada wa nyumbani nina la kukiri. Kwa miezi nilimpa amri kwa simu bila kumuuliza hata siku moja jioni za wanangu zikoje. Nilipomuuliza, aliniambia kitu ambacho sikuwa nakijua: mdogo akirudi kutoka kwa bibi yake, asipopata kitu kidogo cha kutafuna, hata kipande cha muhogo, huwa hashikiki mpaka usiku. Mpangilio tulio nao tumeupanga sisi wawili. Ukimwachia mtu watoto saa kumi kwa siku, mpe na sauti.

Asubuhi sina mengi. Nguo hutolewa usiku, soksi ndani ya kiatu, kiatu kando ya mlango. Mahamri tunanunua, sijifanyi shujaa. Ila nimeacha kutoroka. Zamani nilipitia mlango wa nyuma, mdogo asinione, naye akashinda akinitafuta nyuma ya mapazia. Siku hizi namuaga usoni, analia dakika mbili, anaendelea na uji wake. Wala simwahidi saa ya kurudi.

Ramadhani yote haya huvunjika. Watoto wanataka kukaa macho wale tambi za futari ya pili, nasi twawaacha. Baada ya Idi huchukua kama wiki kurudi kwenye mstari.

Wiki iliyopita nilivuka usiku nimechelewa sana. Nyumba kimya, wote wamelala, dada anakunja nguo. Viatu vyangu vya kazi vya kesho vilikuwa vimepangwa kando ya mlango, na ndani ya kila kimoja mtu alikuwa ameshindilia soksi ndogo ya manjano.